Droni Iliyopanda Taratibu

Mtu mmoja alikuwa na droni ya mapanga manne, na kaka aliyemfundisha kuirusha. Jina lake Aminieli, na kaka yake Ndekirwa. Mashamba yao ya migomba yalipakana huku mlimani, na mpaka kati yao ulikuwa mstari wa mimea ya masale tu. Naanza na droni kwa sababu ndiyo mnayotaka kuisikia. Habari za ndugu hamzipendi.

Aminieli alipokuwa akijifunza alikuwa na mkono wa pupa. Siku ya tatu aliipandisha droni kwa kasi, nusura ijinase kwenye waya za umeme. Kaka yake hakumgombeza. Alisubiri mdogo wake aende kula, akachukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio, akaweka kikomo: droni isipande zaidi ya mita moja kwa sekunde, hata mwenye nayo asukume kijiti cha rimoti namna gani. Akakifunga kwa neno la siri. Hakumwambia mdogo wake, maana aliona atamwaibisha. Alikusudia kukiondoa mkono ukishatulia. Hayo yalikuwa mapenzi, wala siyasemi kwa kebehi.

Kisha mama yao akafariki. Ndekirwa ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka miwili kitandani. Siku ya mazishi Aminieli alisoma wasifu wa marehemu mbele ya watu, akamshukuru daktari, akamshukuru mchungaji, akawashukuru hata mashemeji wa mjini waliokuja mara moja na soda. Kaka yake hakumtaja. Alisahau, ndivyo alivyosema baadaye kwa watu wengine. Ndekirwa alirudi kwake, na tangu siku hiyo hakuvuka mpaka.

Dawa ya jambo hili mnaijua, maana ni ya kwetu. Aliyekosa huchuma jani la sale, akampelekea aliyemkosea, na huyo hawezi kumkatalia msamaha. Majani yenyewe yalikuwa pale mpakani, hatua ishirini kutoka mlango wa Aminieli. Miaka minne ikapita.

Katika miaka hiyo kituo cha afya cha bondeni kilimpa Aminieli kazi ya kupeleka dawa. Droni yake ilipanda kama bibi anayepanda ngazi, watu wakacheka, lakini vijiji vya chini ilivifikia. Shida ilikuja alipoombwa aijaribu hadi zahanati ya juu, ng'ambo ya kilele. Droni hula betri hata ikiwa imetulia hewani. Kwa mwendo ule betri ilifika nusu kabla kilele hakijafikiwa, na droni ikageuka yenyewe kurudi nyumbani, maana ndivyo ilivyotengenezwa.

Basi akaanza kutafuta ubovu. Alipima mzigo, akaacha sanduku la mbao akaweka la plastiki. Alikagua kama kuna panga lililofungwa juu chini, hakuna. Akafunga mapanga mapya. Akafungua mota moja baada ya nyingine, akapuliza vumbi, akazizungusha kwa kidole akisikiliza. Akaleta betri mpya, akawa anaifunika blanketi isipate baridi kabla ya kuruka. Akailaumu hewa ya juu kwamba ni nyepesi, akaulaumu na ukungu. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Nawaambieni, hakuna kinachochosha moyo kama kutengeneza kitu kisichoharibika.

Muuguzi wa kituo, Ndeonasia, mwanamke asiyezunguka maneno, alimwambia, "Kaka Aminieli, si umuulize aliyekufundisha?" Akamjibu kwamba droni ni yake, na ataifungua mpaka aielewe. Akaifungua mara ya saba.

Na upande wa pili wa masale Ndekirwa alikuwa akipogoa migomba yake, akiinua macho kila droni ilipopita. Watu waliposema ni betri, aliwasikia. Waliposema ni uchakavu, aliwasikia pia. Yeye aliijua hata tarakimu yenyewe. Aliendelea kupogoa.

Masika yakaingia, barabara ya juu ikakatika. Asubuhi moja zahanati ya juu ikapiga simu: kuna mama amejifungua, damu haikomi, leteni damu. Mama huyo alikuwa Aikande, dada yao wa pekee, aliyezaliwa katikati yao na kuolewa huko juu. Kituo kilituma watu wawili kwa miguu na damu, lakini njia ile ni ya saa tano ikiwa kavu. Tumaini lilikuwa droni.

Aminieli alifunga mifuko miwili ya damu, akasukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho, akakishikilia mpaka kidole kikafa ganzi. Droni ikapanda mita moja, na mita moja, na mita moja. Karibu na kilele ikageuka. Akabadilisha betri, akairusha tena, ikageuka tena. Akatoa mfuko mmoja ili kupunguza uzito, nayo ikapanda kwa mwendo uleule, hata nukta haikuzidi, kisha ikageuka mara ya tatu. Ndekirwa aliiona ikigeuka mara zote tatu. Hakujua imembebea nani damu, wala hakuuliza. Waliotumwa kwa miguu walifika saa tisa alasiri, wakamkuta Aikande amekwisha kufunikwa shuka.

Habari iliposhuka bondeni, Ndekirwa alivuka mpaka. Alimkuta mdogo wake amekaa kwenye matope, rimoti mapajani. Hakumsalimu. Aliweka betri yenye chaji, akaichukua rimoti, akaandika neno la siri, akabadilisha tarakimu moja, akasukuma kijiti. Droni ilipaa tupu kwa mlio mkali, na kwa dakika mbili tu ikawa juu ya kilele, ikivuka kwenda upande wa dada yao. Wote wawili waliitazama mpaka wasiione.

Ndekirwa akasema, "Nilijua siku zote. Nilikuwa nangoja uje uniulize."

Walimzika Aikande siku ya tatu, kila ndugu akasimama upande wake wa kaburi, na hadi leo hawajapatana. Mtoto yu hai. Analelewa na watu wa baba yake, na wajomba hao wawili hawaendi kumwona, kwa sababu kila mmoja anaogopa kumkuta mwenzake huko. Msinitafutie faraja katika mfano huu. Ningekuwa nayo ningewapa.

Najua mtatoka hapa mkimlaumu Aminieli, maana kiburi cha asiyeuliza kinaonekana na kila mtu. Mimi nakuuliza wewe uliyetulia shambani kwako: huyo ndugu yako unayemtazama kila siku akihangaika kupanda, nawe unakijua kinachomzuia, unangoja azikwe nani?