Nyota Moja ya Bi Mwanamkuu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni juzijuzi tu masharubu yangu yalipoanza kuota mvi, palikuwa na fundi wa kupaka piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mikononi, hapa Ngamiani, Tanga, akiitwa Bi Mwanamkuu. Mimi nimetembea, jamani. Nimelala Moroni, nimepotea Maskati, nimekimbizwa na mbwa Lubumbashi. Sijaona mkono ulioshika kijiti cha piko ukatulia kama wake. Bi harusi akitoka kwa Bi Mwanamkuu, hata wifi mwenye kisirani alikosa la kusema.

Binti wa kaka yake, Mishi, akamwambia, "Shangazi, siku hizi bi harusi anakutafuta kwenye simu kabla hajamuuliza mama yake." Akamtengenezea tovuti, akamfungulia na ukurasa. Akapiga picha mikono, mikono tu, maana wanawake wa hapa hawataki sura zao zizagae. Miaka mitatu, wafuasi elfu ishirini. Nywila aliitunga Bi Mwanamkuu mwenyewe, na kila asubuhi aliiandika mwenyewe, Mishi akiambiwa ageukie ukutani.

Juu ya ukurasa Mishi aliandika kwa herufi nene: NUSU SAA TU, PIKO IMESHIKA.

Hiyo nusu saa iwekeni kiporo. Tutaipasha baadaye.

Jumamosi moja wakaja maharusi watatu kwa mpigo. Aliyekoroga piko alikuwa Mwajabu, mama wa makamo, miaka kumi na minane yuko na Bi Mwanamkuu. Piko hutiwa kanta, ile dawa ya kuzigeuza mvi ziwe nyeusi. Naijua vizuri, masharubu yangu ni shahidi. Ikiwa nyingi, rangi inashika upesi. Ikizidi, inaunguza. Maharusi wanaangalia saa, ndugu zao wanaangalia saa. Nusu saa, nusu saa. Mwajabu akaongeza kanta. Ilipofika zamu ya yule wa mwisho, akaongeza tena.

Siku ya tatu ikatokea picha kwenye ukurasa. Mikono ya Zuwena, yule bi harusi wa mwisho, wa Muheza, malengelenge mpaka viwikoni. Chini yake nyota moja, na maneno haya: "Fungate yangu nimeila na bandeji. Mume wangu ndiye ananilisha."

Maharusi kumi na wanne walikuwa wameweka miadi. Kumi na mmoja wakajitoa siku hiyohiyo. Bi Mwanamkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Miaka arobaini," akasema, "jina hili nimelijenga kwa mikono miwili. Leo limeangushwa na kidole kimoja."

Mishi akasema, "Shangazi, tulia." Akalificha lalamiko, akafunga sehemu ya maoni. Siku tatu kukawa shwari. Wale maharusi watatu waliobaki wakapakwa wakaenda zao salama, kwa sababu Mwajabu, bila kumwambia mtu, kanta yote alikuwa amekwisha kuimwaga chooni, akakoroga hina tupu.

Siku ya nne Zuwena akaandika kwenye ukurasa wake mwenyewe: "Wamenificha." Neno moja. Likafika Mombasa kabla ya adhuhuri.

Akainuka Hizza, fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye ndiye huwajibu wateja ujumbe. "Bi Mkubwa, nyota moja haifutwi. Inazikwa kwa nyota mia." Sehemu ya maoni ikafunguliwa, akawapigia jamaa zake, wakaandika sifa watu arobaini. Na mimi nilikuwamo, Mungu anisamehe. Niliandika: "Nimepakwa hapa, mikono imependeza, mume wangu kafurahi mno." Nikaweka nyota tano. Nikasahau kwamba jina langu na picha yangu vinatokea pembeni, masharubu na yote.

Nyota zikapanda. Simu zikaanza kulia. Maharusi sita wakarudi. Hayo yalidumu siku mbili, kisha mtu mmoja akayaona masharubu.

"Shemeji, hongera kwa ndoa!" akaandika. Mwingine akauliza mahari yangu ilikuwa kiasi gani. Hadi jioni mji mzima unanicheka, na wale sita wamejitoa tena. Mke wangu aliniuliza, kwa upole wa kutisha, huyo mume ni nani na anakaa wapi.

Basi watu wakajaa kwenye ule ukurasa kucheka. Hapo ndipo Mwajabu alipokwenda kibandani. "Hizza mwanangu, mtu akitaka kusema na hao watu wote anabonyeza wapi?" Hizza akamwonyesha. Mwajabu akaitazama simu kama anayetazamana na hakimu.

"Naitwa Mwajabu," akasema. "Piko ya Zuwena niliikoroga mimi. Kanta niliizidisha mimi. Bi Mwanamkuu hakujua. Msije mwezi huu. Mimi nakwenda Muheza."

Akapanda basi la asubuhi, akabisha hodi kwa kina Zuwena. Mama mtu akamfungia mlango. Akakaa barazani hadi alasiri, akafunguliwa. Siku tisa alimpeleka binti hospitali, akamfulia bandeji, akamlisha uji kwa kijiko. Siku ya kumi Zuwena akaandika kwa vidole vyake: "Wamekuja. Nimesamehe. Nyota yangu nitaifuta."

Bi Mwanamkuu alikuwa amekwisha kumwamuru Mishi alifichue lile lalamiko. Aliposomewa maneno ya Zuwena akasema, "Mwambieni aiache. Atakayeiona na bado akaja, huyo ndiye mteja wangu."

Na wakaja. Taratibu, lakini wakaja. Sasa ni hina tupu, na bi harusi anakaa saa tano nzima na hanung'uniki.

Lakini mtoto wa jicho hasubiri mtu. Mwaka huu Bi Mwanamkuu hauoni mstari anaouchora. Kijiti amekiweka chini. Urithi wake ungekuwa shamba la minazi ungegawanywa, huyu huku, yule kule. Ukurasa una nywila moja. Akaiandika kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya chetezo cha ubani, akawaita Mishi, Hizza na Mwajabu. "Atakayeichukua hii," akasema, "ndiye atakayelibeba jina langu. Semeni."

Mishi akasema, "Shangazi, Mwajabu aliongea na watu elfu ishirini. Nani aliwakusanya? Angesema ukweli wake barazani, angemsikia kuku. Na zile siku tatu nilizoficha, maharusi watatu waliolewa kwa amani."

Hizza akasema, "Mimi nilidanganya, sikatai. Lakini watu walikuwa wamekwisha kutukimbia. Walirudi kwa ajili ya kucheka, na wakiwa wanacheka ndipo walipomsikia Mwajabu. Tena kwa simu yangu."

"Wewe hata piko hujui kupaka!" Mishi akamkatiza.

"Ukurasa haupakwi piko, dada."

Mwajabu akasema, "Mimi sina maneno mengi. Hawa wawili walihangaika na nyota. Mimi nilikwenda kwa mwenye mikono."

"Uliyoiunguza mwenyewe!" Mishi akasema. "Umechoma nyumba, umeleta ndoo, sasa unadai funguo!"

Mwajabu akageuka polepole. "Na haraka niliitoa wapi, mwanangu? Nani aliandika nusu saa?"

Haya, kiporo hicho.

Ubani ukapanda. Bi Mwanamkuu akawatazama wote watatu kwa yale macho yasiyoona sawasawa, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimejibanza mlangoni. "Wewe bi harusi mwenye masharubu. Umezunguka dunia. Nimpe nani?"

Nikamwambia nimeacha maharage motoni. Nikatoka mbio, na viatu nimevisahau huko hadi sasa.

Ijumaa lazima nivifuate, na najua nitaulizwa tena kabla sijavivaa. Kwa hiyo nisaidieni nyinyi mliokaa kitako mkanisikiliza. Yuko Mishi aliyewakusanya watu na kuandika nusu saa. Yuko Hizza aliyewarudisha kwa uongo. Yuko Mwajabu aliyeunguza, akasema, akaenda. Karatasi ni moja, iko chini ya chetezo, na mwenyewe anangoja. Je, nani anastahili kuikunjua?