Mkono wa Zaituni

Hapo zamani, wakati iliki ya milima ya Usambara ilikuwa bado inaanikwa kwenye mikeka mbele ya kila nyumba, paliondokea binti mmoja aitwaye Zaituni. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Akalelewa na baba yake, Mzee Mbaruku, fundi cherehani, pamoja na mama yake wa kambo, Bi Mwatumu. Na nikisema mama wa kambo, msikunje nyuso. Bi Mwatumu alimpokea yule mtoto akiwa bado anakojoa kitandani. Akamfulia, akamsuka, akamfundisha kupika, wala siku hata moja hakumwita mtoto wa mwenzake.

Zaituni akakua, akaposwa na Hemedi, seremala wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Hemedi alikuwa mtu mpole asiye na haraka. Alipotengeneza kitanda chao alikipiga msasa siku baada ya siku, mpaka mama yake akamwambia aache, kitakwisha.

Basi mnajua watu walivyo wakisikia kuna harusi. Kila aliyepita alipita na ushauri. Mmoja aliwaambia watafute wapishi kwanza, kwa maana mgeni atasahau gauni lakini wali mbichi hausahau. Mwingine aliwaambia wapambe wavae rangi moja. Mwingine akaonya wasije wakaalika ndugu wa huku wakawaacha wa kule. Mwingine akasema bibi harusi asicheke sana, mwingine akasema asilie sana. Ushauri ulikuwa mwingi, na mwingi wake ulikuwa mzuri. Ila hakuna aliyewaambia hao wawili waambiane ukweli, maana kila mtu alidhani hilo wanalijua.

Na ukweli ulikuwa huu: Mzee Mbaruku alikuwa anapofuka.

Ilianza kwa uzi. Akawa anamwita Zaituni amtungie uzi kwenye sindano, akisema mkono unamtetemeka. Kisha akaanza kugonga ndoo na vigoda vilivyokuwa pembeni yake. Wakampeleka hospitali mjini, daktari akamwambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinakwenda. Mzee alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linazidi kuwa jembamba.

Aliporudi nyumbani alimketisha mkewe na binti yake, akawaapisha. Watu waambiwe mgongo unamsumbua, ndiyo maana haketi tena kwenye cherehani. Hakutaka kuhurumiwa. Jambo moja tu aliliomba, tena kwa sauti ndogo: angependa amwone mwanawe amevaa nguo ya harusi kabla giza halijafunga.

Zaituni akamwendea Hemedi, akamwambia anataka waoane upesi, mwezi huohuo. Hemedi akashangaa. Walikwisha kukubaliana kungoja mavuno ya iliki, ndugu zake wawe na nafasi. Akamuuliza kuna nini. Zaituni akasema hakuna kitu. Akamuuliza tena, naye akajibu kwa ukali kwamba kama anampenda asiulize.

Mtu akiambiwa asiulize, huuliza wengine. Maneno yakaenea ng'ambo ya bonde: bibi harusi mwenye haraka hivyo ana jambo tumboni, na jambo hilo si la Hemedi. Hemedi hakuyaamini, lakini aliyasikia, na siku moja akakosea akamwambia Zaituni kwamba ameyasikia. Zaituni alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya meza ya useremala ya Hemedi kati ya vipande vya mbao, akaondoka.

Harusi ikavunjika hivyo. Zaituni akabaki kwao. Hemedi akabaki kwao. Na Mzee Mbaruku akawa anazidi kugonga vigoda.

Bi Mwatumu alivumilia wiki nzima akimtazama yule binti akipika asile. Mwishowe akajitanda kanga, akavuka bonde, akaenda kwa Mama Hemedi. Akamwambia, "Mwenzangu, nimeapa kwa mume wangu nisiseme, na sasa nasema. Zaituni hana mimba. Baba yake hana macho."

Akaeleza yote. Hemedi alikuwa ukumbini akisikiliza. Aliinuka pale pale bila kuvaa viatu, akaenda kumtafuta Zaituni. Walichoambiana hatukijui, ila watu waliwaona wameketi kwenye jiwe kando ya njia, na pete imerudi kidoleni.

Lakini siri ikishatoka haina wa kuirudisha. Mzee Mbaruku alipojua, hakugomba. Alihamisha mto wake akaenda kulala kwenye chumba chake cha cherehani, na Bi Mwatumu akimletea chakula alishukuru kama anavyoshukuru mtu wa mbali. Bi Mwatumu akayabeba hayo.

Sasa bwana harusi alikuwa amerudi, lakini siku haikuwepo. Mwezi ulikuwa unakwisha, na macho ya mzee pia. Wapishi walikuwa na kazi kwingine, turubai limeazimwa, shehe ana safari, ndugu hawawezi kukusanyika kwa ghafla. Zaituni akaenda kumweleza rafiki yake wa utotoni, Siwema, aliyekuwa awe mpambe wake. Na Siwema mwenyewe alikuwa anaolewa Ijumaa iliyokuwa inakuja. Ndugu zake walishaanza kufika, na ndugu hao wengi walikuwa ndio haohao wa Zaituni na Hemedi, kwa maana vijiji vile vimeoana tangu zamani. Wapishi walikuwa wake, turubai lake, shehe wake.

Siwema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shoga, chukua Ijumaa yangu."

Zaituni akakataa. Siwema akamwambia yeye baba yake anaona vizuri, atamwona hata baada ya mavuno.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siwema alikuwa amemngoja mchumba wake tangu alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, na gauni lilikuwa tayari linaning'inia ukutani. Mchumba alikubali, lakini mama mkwe alimwambia Siwema wazi kwamba msichana anayegawa siku yake leo, kesho atamgawa hata mume. Siwema aliingia chumbani, akakaa humo kidogo, akatoka na uso uliooshwa, akaenda kuwaambia wapishi kwamba bibi harusi amebadilika lakini wali ni uleule.

Ijumaa ikafika. Bwana harusi yupo, siku ipo, turubai limefungwa uani kwa Mzee Mbaruku. Wanaume wakaketi mkekani kungoja baba amwoze binti yake. Wakangoja. Mzee hakutoka. Alituma neno kwamba jamaa yake mmoja amwakilishe, wamwozeshe wao, yeye mgongo haumruhusu. Na kila mtu pale alijua sasa kwamba si mgongo. Mzee alikuwa anaona haya kutoka akiongozwa mbele ya watu aliowashonea nguo maisha yake yote.

Bi Mwatumu akabisha mlango, hakufunguliwa. Shehe akabisha, akajibiwa kwa adabu, hakufunguliwa. Zaituni alikuwa ndani anapambwa. Alipoambiwa, alisema wamvue hiyo nguo, kwa sababu ilikuwa na kazi moja tu.

Ndipo akaingia uani Shangazi Mwanaheri.

Huyu alikuwa dada yake Mzee Mbaruku, tena wa pekee. Alikuwa hajakanyaga ua ule tangu mama yao alipofariki. Siku ile ya msiba alikuwa njiani anakuja, mvua imekata barabara, na kaka yake hakumsubiri. Alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Akageuka pale pale, akarudi kwake, na toka hapo hawakusemezana. Kosa lilikuwa la kaka, na kaka hakuwahi kuomba radhi.

Habari za macho ya kaka yake zilikuwa zimemfikia, na Shangazi hakuvua hata mtandio. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba cha cherehani, akaketi chini nje ya mlango, akasema, "Kaka, mimi Mwanaheri. Mama alizikwa mimi sipo. Najua linavyouma jambo hilo, nimelala nalo miaka yote. Usimwoze mwanao na wewe hupo."

Wapishi wakaacha kukoroga. Kisha komeo likasikika, mlango ukafunguka, na mzee akainama akipapasa mpaka akaupata uso wa dada yake. Akasema, "Nisamehe, Mwanaheri." Naye akamwambia wakati wa kulia utakuja, sasa avae kanzu.

Basi Mzee Mbaruku akatoka ameshikwa mkono na dada yake, akaketi mkekani, akamwoza binti yake kwa mdomo wake mwenyewe. Alipomaliza akamwita Bi Mwatumu mbele za watu, akamwambia aurudishe ule mto chumbani kwao. Watu wakacheka, Bi Mwatumu akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Likabaki jambo moja. Bibi harusi atolewe ndani, aletwe uani, aketi kando ya mumewe. Na desturi ya kule ni kwamba anatolewa na mwanamke mmoja tu, aliyemshika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto hushika shada la maua. Mwanamke huyo ndiye atakayekuwa mkubwa wake katika ndoa. Mume akimkosea, bibi harusi atamwendea yeye kwanza. Akijifungua, huyo ndiye wa kwanza kumpakata mtoto. Wali ulipangwa, rangi za nguo zilipangwa, hata mahali pa kuvulia viatu palipangwa. Hili la mkono lilisahauliwa.

Mzee Mbaruku aliwekewa kiti mahali penye jua, kwa kuwa bila jua alikuwa haoni kitu. Na jua lilikuwa limeshagusa mgongo wa mlima.

Ndani ya chumba, wanawake watatu wakasogea kwa wakati mmoja.

Bi Mwatumu akasema, "Mkono huu niliushika ukiwa mdogo kama kijiko. Tena nimevunja kiapo changu na nikalala peke yangu kwa ajili yake. Bila mimi, pasingekuwa na bwana harusi."

Siwema akasema, "Bi Mwatumu, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini siku ya leo ilikuwa yangu. Wageni waliopo nje walikuja kwangu, na mimi narudi nyumbani kungoja mavuno. Bila mimi, bwana harusi angekuwepo na siku isingekuwepo."

Shangazi Mwanaheri akasema, "Wenzangu, wote mmesema kweli. Ila siku mlikuwa nayo, bwana harusi mlikuwa naye, na bado bibi harusi alitaka kuvua nguo. Harusi hii ilikuwa ya macho ya baba yake. Nilikosewa mimi, na nimekuja mimi. Bila mimi, baba asingekuwepo."

Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa wanapendana, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Bi Mwatumu aliitengeneza shela ya Zaituni huku akisema, Siwema alikuwa bado amepiga magoti akiweka sawa pindo, na shangazi alikuwa ameshika chupa ya marashi. Zaituni akawatazama mmoja mmoja, mkono wake wa kulia uko mtupu.

Kutoka uani ikaja sauti ya Mzee Mbaruku, bila hasira, "Mtoeni mwanangu, jua linaondoka."

Zaituni akanyoosha mkono.

Niwaambie kwanza ili mioyo yenu itulie: alimwona. Zaituni alisimama mbele ya kile kiti na jua likiwa bado usoni pake, na mzee akamtazama taratibu, kipande kwa kipande, kama ilivyombidi. Alianza na ukosi, akashuka na mshono wa ubavuni mpaka kwenye pindo, kama fundi. Kisha akapanda hadi usoni, akabaki hapo, kama baba. Akasema gauni limekaa vizuri.

Lakini aliyemleta mpaka pale, aliyemshika mkono, simtaji. Nikiisimulia hadithi hii penye akina mama wa kambo, hunijibu jina moja. Penye wasichana wanaongoja kuolewa, hunijibu jingine. Penye ndugu waliokosana, hutazamana kwanza, halafu hunijibu la tatu. Na leo mko hapa ninyi, na mwenzenu anaolewa karibuni, na najua mkono wake bado hamjaupangia mtu.

Bi Mwatumu alimleta bwana harusi. Siwema aliileta siku. Shangazi Mwanaheri alimleta baba. Na mkono ulikuwa mmoja. Je, nani alistahili kuushika?