Tundu la Bafuni kwa Siwema

Paukwa!
— Pakawa!
Mwenye macho?
— Aone!
Mwenye adabu?
— Afumbe!

Hapo kale palikuwa na Siwema, mke wa Mbwana. Bafu lao lilikuwa nje, ua wa makuti tu. Na mila yao ilikuwa hivi: ukiingia kuoga, unatundika kanga juu ya ua. Anayepita akiiona, anageuza njia.

Siku ya kwanza Siwema akiwa anaoga akasikia makuti yanachakarika. Kuku huyo, akasema. Siku ya pili, chakara chakara. Upepo, akasema. Siku ya tatu akageuka. Jicho! Jicho la mtu, kwenye tundu, wala halipepesi. Akapiga kelele, akajifunika. Alipotoka, hakuna mtu.

Akamwambia mumewe. "Umeota." Akamwambia mama mkwe. "Koma! Ukiyarudia hayo, utarudi kwenu." Akamwambia Mzee Chande, fundi aliyesuka ua ule na nyua zote za kijiji. "Mwanangu," Chande akasema kwa upole, "makuti yangu hayana tundu."

Basi Siwema akaogopa kuoga. Siku mbili jasho linamkaukia mwilini, analia. Mwasikia jamani? Mwizi anatembea, mwenye mali ndiye anayejificha!

Siku ya tatu machozi yakamwisha, akabaki na hasira. Akachanganya utomvu wa fenesi na masizi ya chungu, akapaka ukingo wa tundu kwa nje. Utomvu wa fenesi mnaujua. Maji hayautoi. Akatundika kanga, akaingia na nguo zake zote, akamwaga maji: chwaa! Chwaa! Chwaa!

Makuti yakachakarika. Tundu likaziba. Siwema akazidi kumwaga maji.

Alasiri ile kulikuwa na arusi. Mzee Chande akaja, jicho lake limezungukwa na duara jeusi, shavu limechubuka kwa kusuguliwa.

"Naumwa jicho," akasema.

Siwema akamsogezea chupa ya mafuta ya nazi mbele ya watu. "Paka haya, baba. Utomvu wa tundu la bafu langu hautoki kwa maji."

Mbwana akainamisha kichwa. Mama mkwe akainuka, akaenda bafuni kwake, akapapasa makuti kwa kimo cha jicho la mtu. Kidole kikapita. Wanawake wengine nao wakaenda kwao. Kila ua, tundu. Kila ua, tundu.

Jua halikuzama Chande yumo kijijini.

Mama mkwe akarudi kwa Siwema. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuziba mdomo, kumbe na mimi nachunguliwa miaka yote."

Hadithi yangu naikunja kama kanga. Ikiwa nzuri, jifungeni nyote. Ikiwa mbaya, nirudishieni nijifunge mwenyewe. Ila mkifika nyumbani, papaseni makuti.