Kioo cha Kinga cha Nkwimba

Kinga isiyovuliwa hupofusha jicho. Ndivyo mama wa jirani alivyomwambia baba yenu asubuhi hii, akaokota ndoo yake akaenda zake, nanyi mkaangua kicheko bila kujua mnachekea nini. Minza peke yake hakucheka. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni hapa, endeleeni kumenya karanga, nami nitawaambia yalikoanzia. Wala sitasema kwa kunong'ona. Anayekohoa nyuma ya ukuta, kama ana masikio, na asikie.

Alikuwapo mpiga picha aitwaye Nkwimba, mke wa Sagenda fundi cherehani. Kwa muda mrefu alipiga picha za harusi na za vitambulisho kwa lenzi fupi iliyokuja na kamera yake, na kila alipomtaka mtu aliye mbali ilimbidi amfuate mpaka puani. Baadaye akapata lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Ilikuwa imetumika, lakini nzima. Hakupewa na mume wala na shemeji. Ilikuwa jasho lake mwenyewe. Akizungusha pete ya lenzi, mtu wa ng'ambo ya uwanja anamjia karibu hadi unaona kope zake. Nkwimba aliipenda lenzi ile. Aliifuta kwa kitambaa laini, aliilaza kwenye mkoba wenye sponji, na mtoto aliyeisogelea na vidole vya mafuta alitimuliwa bila kuulizwa ni wa nani.

Sagenda naye aliipenda, kwa namna yake. Kuna wanaume wanaopenda kwa kufunga kufuli, na yeye alikuwa mmoja wao. Siku moja alitoka mjini na kioo cha duara, chembamba, cha bei ya chee, kile cha kufungwa mbele ya lenzi.

"Hiki ndicho kinga," alisema. "Vumbi, kokoto, mate ya watu, vyote viishie hapa."

Akakifunga mwenyewe, Nkwimba akiwa jikoni anasonga ugali. Alipomrudishia lenzi alimpa na sharti: kinga hiyo isivuliwe mpaka msimu wa ngoma uishe.

Msimshangae. Ninyi mmezaliwa juzi, hamjui ngoma zetu za baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji huenda kule wanakoona utamu. Kundi lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa hiyo mchezaji haingii uwanjani bila kinga yake, hirizi ya kuzuia dawa za wapinzani, mkononi au kiunoni, na akishaivaa haivui mpaka msimu umekwisha. Kuivua katikati ni kujivua nguo mbele ya adui. Sagenda akaona kwamba lenzi nayo inaingia uwanjani, basi nayo ivae. Nkwimba alicheka kidogo, akakubali. Nani aliyewahi kuogopa kinga?

Mwaka ule kulikuwa na jambo zito. Makundi yetu mawili, Bagika na Bagalu, yalikuwa yamechoka kugombana kila msimu kuhusu umati wa nani ulikuwa mkubwa. Wazee wa pande zote wakakubaliana kwamba safari hii picha ndizo zitakazoamua, na mpiga picha awe Nkwimba. Alizaliwa kwa Bagalu, akaolewa kwa Bagika, na manju wa Bagika, kiongozi wa ngoma yao, alikuwa Kwilasa, kaka mkubwa wa Sagenda. "Mtoto wa kule, mke wa huku," walisema. "Huyu hawezi kupendelea." Nkwimba alivimba kichwa siku hiyo, na alikuwa na haki.

Siku ya ngoma alitaka kusimama katikati ya uwanja, juu ya mkokoteni, aone pande zote sawasawa. Sagenda akakataa katakata. Wachezaji wa Kwilasa wana chatu, alisema, na umati ukisukumana atakanyagwa. Akamshika mkono akampeleka pembeni, kwenye kibaraza cha duka, penye kivuli, upande wa Bagalu. Nkwimba aliona kabisa kwamba mahali pale hapafai. Bagalu walikuwa wanacheza karibu naye. Kundi la Kwilasa lilikuwa ng'ambo kabisa, na jua la alasiri liko nyuma yao. Lakini mume alishasema, na watu walikuwa wanatazama, naye hakutaka kubishana na mumewe hadharani. Akazungusha pete hadi mwisho. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, ikitafuta isipate. Akapiga hivyo hivyo, akiamini.

Jioni akazifungua picha kwenye kompyuta. Bagalu walionekana mpaka shanga shingoni. Bagika walikuwa ukungu mtupu. Umati wao wote ulikuwa weupe uliochanganyikana, huwezi kujua kama ni watu au ni mbuzi.

Asubuhi yake akakaa uani akaanza kutafuta ugonjwa. Akaivalisha kamera ile lenzi fupi, akapiga: safi. Basi kamera ni nzima. Akarudisha ile ndefu, akasugua vile vidoti vya shaba inapogusana na kamera. Akapiga tena: ukungu. Akazima ile swichi inayoiacha lenzi ijitafutie picha kali yenyewe, akatafuta kwa mkono. Ukungu. Akaifunga kwenye stendi isitikisike. Ukungu. Akaitazama kwa nyuma kuelekea mbinguni kuona kama imeota kuvu ndani. Hakuna kuvu. Akampiga picha kuku aliyekuwa hatua chache mbele yake, na kuku akatoka na manyoya yake yote. Akalielekezea tangi la maji la shule, kule mbali, likatoka limefifia kama limeoshwa kwa maziwa. Karibu inaona, mbali haioni. Mkono wake ukaenda kwenye kile kioo cha mbele, akajaribu kukizungusha. Kikagoma.

"Hicho kiache," Sagenda alisema kutoka kwenye cherehani yake. "Kinga haina kosa."

Akakiacha. Nawaambia, hapo ndipo inaponichoma mpaka leo. Alichunguza kila kitu isipokuwa kile alichoambiwa kwamba kinamlinda.

Habari zilimfikia Kwilasa kabla ya uji kupoa. Kikao kikaitishwa uani kwake alasiri ile ile, mwenyekiti akiwa Mzee Mabula, ambaye hakuwa wa kundi lolote. Wazee walikuwa wameshaonyeshwa picha, na Kwilasa alikuwa amesimama na mchi wa kutwangia mkononi, macho mekundu.

"Wazee, mmeona wenyewe," alisema. "Ndugu zake wanang'aa, sisi ametufanya moshi. Kikulacho ki nguoni mwako! Tumemlisha, tumemvisha, kumbe moyo wake aliuacha kwao."

"Shemeji, hunilishi wewe," Nkwimba alisema. "Na picha nilipiga sawasawa."

"Sawasawa? Lile dude lako limetiwa dawa, na waliolitia ni watu wa kwenu. Nasema hivi: liwekwe hapa kwenye kinu nilitwange. Na wewe urudi kwenu ukapige picha za baba yako!"

Watu wakaguna. Wapo waliotikisa kichwa kukubali, watu ambao Nkwimba alikuwa amewapigia picha za ubatizo wa watoto wao. Aliwatazama mmoja mmoja, nao wakainamisha nyuso. Akafungua kinywa ajibu, lakini Sagenda akamshika bega akamrudisha nyuma, akasimama mbele yake.

"Nyamaza, mama Shija. Niachie mimi." Akapiga magoti mbele ya kaka yake. "Kaka, wazee wangu, nawaombeni mumsamehe mke wangu. Ni mwanamke, amekosea. Hatarudia tena."

Nkwimba alisikia maneno hayo akadhani ameyasikia vibaya. Amekosea? Nani kasema amekosea? Kwilasa angalau alimshtaki usoni. Huyu wake mwenyewe alimhukumu akiwa amempa mgongo, na aliita huko kumtetea.

"Wala hiyo lenzi haikutiwa dawa," Sagenda aliendelea, anajikaza kusaidia. "Nimeilinda mimi mwenyewe. Niliifungia kioo cha kinga mbele, nikakitia na gundi kwenye pete ili asikivue ovyo. Hakuna dawa ya mtu inayoweza kupita pale."

"Gundi?" Nkwimba aliuliza.

"Baba Shija. Umetia gundi kwenye lenzi yangu?"

"Kidogo tu. Nilijua ungekivua. Wewe husikii."

"Nimehangaika asubuhi nzima nikitafuta ugonjwa, wewe umekaa hapo hapo unanitazama, unajua umetia gundi, na hukusema?"

"Nilikuwa nakulinda!"

Nkwimba alimzunguka akaja mbele, mahali ambapo mume alikuwa amepafunika kwa mgongo wake. Akaitoa lenzi mkobani, akaifunga kwenye kamera, akazungusha pete hadi mwisho, akalipiga tangi la shule. Akampa Mzee Mabula kamera. "Mzee wangu, soma kilichoandikwa kwenye tangi."

Mzee Mabula aliisogeza skrini, akaiondoa mbali, akaisogeza tena. "Sioni kitu, binti yangu. Ni ukungu."

"Shemeji Kwilasa anataka kuitwanga. Vizuri. Nitamtangulia." Akanyoosha mkono kwa mumewe. "Nipe mkasi wako."

"Mama Shija, usi..."

"Mkasi!"

Sagenda akautoa mfukoni. Nkwimba akaigeuza lenzi mdomo chini, akagonga kile kioo cha kinga kwa mpini wa mkasi, pembeni. Sagenda alipiga kelele kana kwamba amegongwa yeye. Kioo kikapasuka, vipande vikaanguka mavumbini, akapuliza vilivyobaki, akavichomoa kwa ncha za vidole mpaka damu ikamtoka. Hakuifuta damu. Akainua kamera, akalipiga tangi lile lile, jua lile lile, akampa mzee.

Mzee Mabula alitazama. Kisha akasoma kwa sauti, taratibu, jina lote la shule, na mwaka tangi lilipojengwa, na namba ya simu ambayo fundi rangi alikuwa ameiandika chini kwa herufi ndogo ili apate kazi nyingine.

"Na kuna kunguru," akaongeza. "Ana kitu mdomoni."

Kamera ikapita mkono kwa mkono. Mchi wa Kwilasa ukateremka wenyewe mpaka ukagusa chini. Alijikohoza.

"Basi, shemeji," alisema. "Kumbe ni kioo tu. Yaishe."

"Hayaishi," Nkwimba alisema. "Umeniita msaliti mbele ya watu hawa wote. Hutanisafisha kwa neno moja la kujikohoza. Utapita nyumba kwa nyumba, kama ulivyopita asubuhi ukinichafua, useme ulikosea."

Kwilasa akamtazama Mzee Mabula apate msaada. Mzee alikuwa bado anamtazama kunguru. "Anza na kwangu," alisema bila kuinua macho.

Kisha Nkwimba akamgeukia mumewe. Sauti yake haikuwa kubwa tena, na ndipo Sagenda alipoogopa kweli.

"Na wewe. Huyu alinishtaki kwa sababu alidanganywa na picha. Wewe ulipiga magoti ukaniombea msamaha wa kosa lako. Uliniweka kivulini nisione, ukaifunga lenzi yangu isione, halafu ukasimama mbele yangu nisionekane. Kinga isiyovuliwa hupofusha jicho, Sagenda. Umeniponza kwa kunilinda."

Sagenda aliinama akaanza kuokota vipande vya kioo mavumbini, kimoja kimoja, akivitia kwenye mfuko wa shati. Nkwimba hakumsaidia.

Ushindi wa mwaka ule haukutolewa kwa mtu, na Kwilasa alipita nyumba kwa nyumba, ingawa wanasema kwenye nyumba nyingine alisema kwa haraka sana. Ile pete ya kinga haikutoka tena, gundi ilikuwa imekamata. Ikabaki pete tupu mbele ya lenzi, na kwenye kioo cha lenzi chenyewe ukabaki mkwaruzo mdogo ambao haukuzuia kitu. Msimu uliofuata Nkwimba alipanda juu ya mkokoteni katikati ya uwanja, juani. Sagenda alikuja na mwavuli. Alifika hatua chache karibu na mkokoteni, akamtazama mkewe, mkewe akamtazama. Akaufunga mwavuli akaurudisha kwapani. Akasimama pale pale chini, akiwasukuma watu wasigonge magurudumu, mpaka ngoma ikaisha. Picha za siku ile zilikuwa safi pande zote mbili.

Watu waliokuwapo kikaoni walilibeba lile neno wakaenda nalo. Likaanza kusemwa kwa mama anayemfungia mtoto ndani asicheze, kwa bwana anayejibu maswali aliyoulizwa mkewe. Na leo asubuhi limesemwa kwa ndugu yangu Lukelesha, baba yenu, ambaye binti yake Minza amechaguliwa chuo cha uuguzi, naye amekaa huko chumbani anasema mji ni mbali, mji una fisi, mimi namlinda mwanangu. Unamlinda na nini, Lukelesha? Anataka kwenda kutibu watu! Nasi tulikulinda ulipokuwa mdogo, ukaugua kidole ukalia wiki nzima kwa sababu hakukuwa na muuguzi wa kukitumbua.

Ninasikia umeacha kukohoa humo ndani. Vizuri. Basi ujumbe umefika.

Minza, wewe acha kulia. Hizo karanga zilizomenywa zitie kwenye mfuko, utazila njiani, basi linaondoka kesho. Nanyi wengine mlioangua kicheko asubuhi, sasa lisemeni wote kwa pamoja, kwa sauti, upande huu wa ukuta: kinga isiyovuliwa hupofusha jicho.