Usingizi wa Nakijwa

Zamani hizo watu walilala, lakini hawakuota. Mtu alifumba macho, giza likamfunika, akayafumbua kumekucha, na katikati hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kuruka angani, wala kupiga soga na marehemu babu, wala kukimbizwa na ng'ombe asiye na kichwa. Nyinyi wa nyuma hapo msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Usingizi wao ulikuwa mtupu kama chungu kilichooshwa na kufunikwa.

Basi, katika zama hizo kulikuwa na nchi moja ya milimani iliyokatwa na mto Mkolozi, mto mwembamba wenye hasira. Watu wa nchi ile walikuwa mafundi, asikwambie mtu. Mfua vyuma wao akikufulia jembe, mjukuu wako atalilimia. Mganga wao wa meno aling'oa jino huku mgonjwa akiendelea kusimulia habari za shambani kwake. Na walifika hapo kwa sababu ya desturi yao. Mtoto aliachwa azurure apendavyo: leo yuko kwa mfua vyuma ameshika nyundo, kesho anakanda udongo, siku nyingine yuko kwa warina asali na midomo imemvimba. Lakini akishapevuka alichagua kazi moja tu, na Bibi Nanzia, mlezi wa desturi hiyo, akamnywesha maji ya kusahau. Majani aliyoyachemsha aliyajua mwenyewe. Ukiyanywa, kazi uliyoichagua inabaki, na nyingine zote zinatoweka.

Msimwone Bibi Nanzia mbaya. Alikuwa amesimuliwa habari za siku za nyuma, pale kila mtu alipojua kidogo cha kila kitu, nyumba zikaanguka zikiwa na watu ndani, na dawa ya tumbo ikaleta upofu. Alikuwa na hofu ya kweli. "Kichwa cha mtu ni kidogo, mwanangu," alikuwa akiwaambia watoto waliosita mbele ya kibuyu. "Tia kitu kimoja, kijae."

Nakijwa naye alikunywa. Utotoni mwake alipenda kamba kuliko chakula. Alikuwa akishinda kwa mzee Mbonea, fundi pekee wa madaraja ya kamba, akisokota magome hadi viganja vikachubuka. Lakini udongo pia aliupenda, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Siku ya kuchagua ilipofika, akachagua udongo. Kuanzia hapo kila alipokutana na mzee Mbonea njiani alimwamkia, "Shikamoo, baba," na kila mara akageuka kumtazama tena asijue kwa nini. Mzee aliitikia marahaba, kisha akaangalia pembeni, maana yeye hakumsahau mwanafunzi wake.

Miaka ikapita. Nakijwa akaolewa, akazaa binti, Nambike, na vyungu vyake vikawa vinatafutwa hadi nchi za mbali. Hakuwa na shida yoyote, mpaka mwaka ule ambao mvua ilisahau kukatika.

Siku hiyo Nambike alikuwa ng'ambo na mbuzi, kwenye ukingo mwembamba chini ya genge refu la mwamba. Mto ukafura, ukalizoa daraja lote, zikabaki nguzo mbili tu, moja huku na moja kule. Nyuma ya mtoto ni genge, mbele yake ni maji, na maji yanapanda. Mzee Mbonea alikuwa kitandani na homa kali, anaongea na watu wasiokuwapo.

Kijiji kizima kikajaa ukingoni. Mafundi wote wale! Mfua vyuma akasema yuko tayari kufua chochote, waseme tu afue nini. Mganga wa meno alisimama akiutazama mto kana kwamba anaungoja ufumbue mdomo. Nje ya nyumba ya Mbonea magome yalikuwa tele, yamechanwa na kulowekwa, wakayabeba hadi mtoni, na kisha hakuna aliyejua ayafanye nini. Nakijwa aliyashika, akayapinda hivi na vile, yakafumuka mikononi mwake. Ng'ambo mtoto alikuwa akiita mama, mama. Nakijwa akaangua kilio.

Akamwendea Bibi Nanzia palepale, akamshika nguo. "Bibi, nirudishie vya kwangu. Najua niliwahi kukijua kitu hiki. Nakuomba, nirudishie!"

Bibi Nanzia akainama, akamshika mikono. "Sina mimi cha kukurudishia, mwanangu. Maji yangu hayaui kitu, yanalaza tu. Hivyo vyote vimelala ndani yako, na havina wa kuviamsha."

"Vimelala?"

"Vimelala fofofo."

Nakijwa akafuta machozi. Kama vimelala, alijiambia, mimi niliye macho nitakutana navyo wapi? Acha nivifuate hukohuko. Akajinyoosha juu ya tope, kichwa kwenye rundo la magome, akafumba macho.

Lo! Zogo lililozuka hapo! Mashangazi walishika vichwa. "Mtoto yuko mdomoni mwa mauti, mama anauchapa usingizi!" Mmoja akachota maji ammwagie. Bibi Nanzia, ambaye hata yeye hakuwa ameelewa, akanyoosha fimbo yake mbele ya yule shangazi. "Asiguswe," akasema.

Usingizi haukuja upesi. Nakijwa alisikia mto, akasikia matusi, akasikia sauti ya mwanawe. Akaishika ile sauti peke yake, akaifuata ilivyokuwa ikisogea, ikisogea, mpaka ikawa nyembamba na ikakatika. Akajikuta gizani. Lilikuwa giza lilelile la siku zote, ila safari hii hakulikubali. Alilipapasa kama apapasavyo ndani ya chungu akitafuta ufa, na ufa akaupata.

Upande wa pili kulikuwa na mchana mwingine na mto usiotoa sauti. Majani yalianguka kwenda juu. Watu wa kijiji chake walikuwapo, wachanga wote, kila mmoja akishughulika na kazi aliyoiacha: mfua vyuma alikuwa akisuka nywele za mawingu, mganga wa meno akipiga ngoma juu ya maji bila kulowa. Na kando ya mto aliketi msichana mwenye viganja vilivyochubuka, anasokota kamba. Kamba yenyewe ilizunguka mlima na kurudi, kwa kuwa tangu ile siku ya kunywa hakuwahi kupumzika.

"Umekawia," msichana akasema.

"Sikuijua njia."

"Hukuitafuta."

Nakijwa akapiga magoti akamwomba radhi, akalia kwa jinsi alivyompenda. Msichana hakuwa na kinyongo. Alimshika vidole, akaviongoza juu ya kamba polepole, kisha akamsukuma begani. "Nenda sasa, nenda mbio. Vya huku havikai sana mikononi. Na ule ufa usiuzibe, wenzangu nao wanangoja watu wao."

Nakijwa alifumbua macho, akayavuta magome. Vidole vilikuwa vimeshaanza kazi. Alisokota, akaunga, akasokota, na huku akihisi ujuzi ule unamvuja. Kamba ilipofika urefu wa kutosha, mwindaji mmoja mwenye shabaha akafunga jiwe kwenye kitanzi cha ncha yake akakirusha ng'ambo, na Nambike akakivika kwenye nguzo kama alivyoelekezwa kwa kelele za kijiji kizima. Likabaki fundo la upande huu. Nakijwa akaishika ncha ya kamba, akaitazama, na kichwani hamna kitu. Ujuzi wote umekwenda.

Maji yalikuwa yamemfika mtoto magotini. Nakijwa akaacha kufikiri, akaiachia mikono ifanye ilichokizoea. Ikaizungusha kamba kwenye nguzo mzunguko juu ya mzunguko, ikikandamiza kila mmoja kwa kidole gumba, vile ajengavyo ukuta wa chungu. Likatokea fundo nene, baya kulitazama. Likashika. Akaingia mtoni ameikumbatia kamba, akapotea kwenye povu, akaonekana, akapotea tena, na aliporudi Nambike alikuwa mgongoni mwake.

Asubuhi yake, yote ya kamba yakiwa yameshamtoka, Nakijwa alipita pale na mwanawe. Akasimama kuitazama ile kamba, akaipapasa, akapendezwa nayo sana. "Fundi gani huyu?" akauliza.

"Ni wewe, mama," Nambike akasema. Nakijwa akacheka, akadhani anataniwa.

Na tangu siku hiyo ule ufa haujazibwa. Sisi leo hatunyweshwi maji yoyote, lakini mtu husomea kazi moja, akazeeka nayo, na nyingine zote alizozipenda zikajilalia zenyewe. Basi usiku anazifuata. Daktari huota analima, na fundi cherehani huota anaendesha meli. Asubuhi ukimuuliza, anakwambia alikuwa mahali pazuri ila hakumbuki wapi. Na ukimshtua kabla ya wakati huamka na hasira, akakutazama kama umemwibia. Kwa hiyo ukimkuta mwenzio amelala na vidole vinachezacheza, pita taratibu. Kuna mtu huko amemngoja miaka mingi, na ndiyo kwanza wameshikana mikono.