Mkanda wa Naibu na Maksai wa Bibi Nyanzala

Hapo zamani, katika jimbo la Busambilo, palikuwa na mkanda mmoja na watu watatu walioutaka. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nimeisimulia hadithi hii mara nyingi na kila mara anatokea mtu wa kunikatiza aulize kwa nini hawakutafuta mkanda wa pili. Hawakutafuta. Naibu alikuwa mmoja, mkanda ukawa mmoja. Tuendelee.

Mkuu wa askari wa jimbo lile aliitwa Lugembe. Alikuwa mtu mwadilifu, mnene, mwenye baiskeli iliyotoka mnyororo kila baada ya hatua mia. Naibu wake alikuwa amezeeka, magoti yamekataa, akaurudisha mkanda wake wa ngozi wenye bizimu ya shaba akaenda kulima viazi. Mkuu akatangaza: anayetaka unaibu aje Jumatatu, kutakuwa na mtihani.

Jumatatu wakaja watatu. Wa kwanza ni Luhende wa kijiji cha Mwabilu, mtu anayeweza kutazama wayo akakwambia ng'ombe amepita lini na alikuwa na njaa au ameshiba. Wa pili ni Limi, wa Mwabilu pia, mwanamke asiyecheka ovyo, ambaye ukimwagiza chumvi huleta chumvi, haleti sukari wala maelezo. Wa tatu ni Masunga wa kijiji cha Isolelo, ng'ambo ya kijito, kijana yatima aliyelelewa na baba yake mdogo.

Mkuu alikuwa ameandaa mtihani wake vizuri: kukimbia na gunia la mchanga, kusoma barua kwa sauti, kufunga fundo. Kabla hajafungua mdomo, akaingia Bibi Nyanzala, mjane wa Mwabilu, miguu imejaa vumbi.

"Mkuu," akasema, "maksai wangu wameibiwa. Kijivu na Mabaka, wote wawili. Na tazama mawingu yale."

Wote wakatazama. Mvua ya kwanza ilikuwa inakuja, na kila mtu pale alielewa. Mvua ikinyesha, nyayo za mwizi zinafutika. Tena mvua ikinyesha, watu wanalima, na plau ya Bibi Nyanzala ilikokotwa na maksai wawili waliofungwa nira moja. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto mwenye nguvu za jembe. Bila jozi ile, shamba lake lingebaki majani, na mwaka ule angekula kwa kubisha hodi.

Mkuu akakunja karatasi ya mtihani wake. "Mtihani ni huu," akasema. "Atakayewarudisha maksai wa Bibi Nyanzala ndiye atakayevaa mkanda."

Sasa sikilizeni sheria ya wayo, kwa sababu bila sheria hii mtaniuliza maswali ya kipuuzi mwishoni. Katika jimbo lile, nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kijijini, kijiji hicho kilitakiwa kuonyesha nyayo zikitoka upande wa pili. Kikishindwa, kinalipa. Lakini kijiji hakiulizwi mpaka Mkuu auone kwa macho yake mwenyewe wayo wa mpakani. Kwa hiyo wayo ule hufunikwa kwa chombo na kuwekewa mlinzi, na mlinzi wa wayo haondoki, hata nyumba yake ikiungua. Tena, kijiji kikimtoa mwizi wake chenyewe, hakilipi. Mwizi ndiye analipa. Sheria nzuri sana hii. Mtaona uzuri wake.

Luhende akaanza kazi. Alichuchumaa kwenye zizi la Bibi Nyanzala, akanusa, akainuka, akaenda. Wayo wa Kijivu ulikuwa na ufa kwenye ukwato wa kushoto, na pembeni yake palikuwa na alama za katambuga ya tairi iliyotoboka kisigino. Kwenye mchanga aliufuata, kwenye mawe aliufuata, kwenye majani makavu ambako mimi na wewe tungepotea aliufuata. Kabla ya saa nne alikuwa amefika kijitoni, Limi nyuma yake. Ng'ambo ya kijito, kwenye tope la mpaka wa Isolelo, pale pale palikuwa na ukwato wenye ufa na kisigino kilichotoboka.

"Funika," Luhende akamwambia Limi.

Limi akaazima beseni kwa mama mmoja aliyekuwa anafua, akaufunika wayo, akaketi.

Na Mkuu? Mkuu alikuwa nyuma huko, anarudisha mnyororo. Masunga alikuwa naye, anamsukumia baiskeli. Kumbukeni hilo, kwamba Masunga alikuwa karibu na Mkuu siku nzima, mdomo karibu na sikio.

Sasa Luhende angekaa tu. Kazi yake ilikuwa imekwisha, tena imekwisha vizuri. Lakini cheo kilikuwa kimeanza kumwasha kabla hajakipata. Akaingia Isolelo peke yake, akapita boma kwa boma. Boma la kwanza akasema, "Mimi ndiye naibu mpya. Nafuata maksai wa Bibi Nyanzala, nyayo zimeingia kwenu." Wakampa togwa. Boma la pili akasema, "Mimi ndiye naibu mpya. Nafuata maksai wa Bibi Nyanzala, nyayo zimeingia kwenu." Wakampa togwa. Boma la tatu akasema hivyo hivyo, akanywa hivyo hivyo. Kufika boma la nne, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua, na mwizi amejua kabla ya wote.

Mwizi akafanya anachofanya mwizi aliyepewa taarifa mapema na mtu wa serikali. Akamfungua Mabaka peke yake, maana ukwato wa Kijivu ungemsaliti, akajifunika gunia kichwani, akashika njia ya kijito.

Na kijitoni alikuwa nani? Limi, na beseni lake.

Mwizi akapita hatua thelathini kutoka pale alipoketi. Limi akamwona Mabaka, akamtambua kwa baka jeupe la ubavuni. Akapiga kelele, "Wewe! Huyo ni ng'ombe wa Bibi Nyanzala!" Mwizi hakugeuka. Njia haikuwa na mtu mwingine, mama wa beseni alikuwa ameshaenda kuanika nguo zake. Limi akasimama, akatazama ng'ombe, akatazama beseni. Na matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Akakumbuka sheria. Akaketi tena.

Naona unavyotikisa kichwa, wewe wa nyuma. Mimi pia nilitikisa kichwa mara ya kwanza. Subiri.

Mvua ikashuka kweli kweli. Limi akavua kanga yake ya juu, akaifunika juu ya beseni, akachimba mfereji kwa vidole maji yasiingie chini. Alipofika Mkuu ameloa, na mnyororo mkononi, nyayo zote za jimbo zilikuwa zimefutika isipokuwa wayo mmoja. Limi akainua beseni. Ukwato wenye ufa, kisigino kilichotoboka, safi kabisa.

"Nimeuona," akasema Mkuu. "Sasa tunaweza kuuliza."

"Mkuu," akasema Limi, "Mabaka amepita hapa na mtu mwenye gunia kichwani. Sikuondoka."

Mkuu akafumba macho kidogo. Angemlaumu vipi? Sheria aliisomesha yeye.

Wakaingia Isolelo, wakawakusanya watu. Mkuu akasema, "Wayo umeingia kwenu. Onyesheni ulipotokea upande wa pili."

Wakatazama chini. Chini kulikuwa na maji tu. Mmoja akasema, "Si huyu dada mwenyewe anasema ameona ng'ombe mmoja akitoka?"

"Sheria inataka wayo," akasema Mkuu. "Haitaki maneno. Lipeni maksai wawili."

Kwa desturi, boma la kwanza unapoingilia wayo ndilo linalotoa, kisha kijiji kinalifidia taratibu. Taratibu ile wote tunaijua, mtu anaweza kufa anaingoja. Boma la kwanza lilikuwa la Shigela, mtu mpole asiyejua lolote, aliyekuwa na jozi moja tu ya maksai. Watoto wake wakaanza kulia wakati nira inatolewa. Bibi Nyanzala, ambaye alikuwa amefuata msafara ule kwa miguu yake ya uzee, akawashika maksai kamba. Jamani, alikuwa amewashika tayari. Kamba mkononi.

Ndipo Masunga akasema.

"Mkuu, msimtoze Shigela. Mwizi ni baba yangu mdogo. Kijivu yuko nyuma ya ghala letu, amefunikwa mabua."

Watu wakamfuata mpaka kwao. Wakaenda nyuma ya ghala, wakatoa mabua, na Kijivu akawatazama huku anatafuna. Baba mdogo hakuwapo. Yeye na Mabaka walikuwa wameshavuka mpaka wa jimbo, na katika nyumba yake hapakuwa na cha kulipia zaidi ya kuku wawili na jembe lisilo na mpini. Mama mdogo akaingia ndani, akatoka na mkeka wa Masunga, akautupa kwenye mvua.

"Usilale kwangu tena," akamwambia.

Na sheria ile nzuri ikafanya kazi yake. Kwa mdomo wa Masunga, kijiji kilikuwa kimemtoa mwizi wake, kwa hiyo hakilipi. Maksai wa Shigela wakarudi kwa Shigela. Bibi Nyanzala akaachia kamba ile, akakabidhiwa kamba ya Kijivu. Ng'ombe mmoja. Plau haivutwi na ng'ombe mmoja kwa nira ya wawili, hata asiyelima anajua.

Mkuu akaketi chini ya upenu wa Shigela, akauweka mkanda magotini. "Haya," akasema kwa sauti ya mtu anayeumwa kichwa, "semeni."

Luhende akasema, "Mkuu, bila mimi mngekuwa bado mnazunguka zizini mnaulizana. Ni nani aliyeufuata wayo kwenye mawe? Naibu ni macho. Macho ni mimi."

Limi akasema, "Bila mimi macho yako yangeona matope tu. Mkuu angekuja akakuta maji, na Isolelo wangetucheka. Naibu ni mtu wa kuamriwa akakaa. Nilikaa."

Masunga akasema, "Bila mimi Shigela asiye na kosa angelipa, na Kijivu angeliwa mwezi huu. Naibu ni mtu wa kusema ukweli hata ukimuuma. Mkeka wangu ule pale."

Kama wangeishia hapo ningewapenda wote. Hawakuishia.

Limi akamgeukia Luhende. "Macho unayo, na mdomo je? Ni nani aliyemwambia mwizi akimbie? Ulinywa togwa boma ngapi?"

"Mwizi alipita mbele yako!" akasema Luhende. "Hatua thelathini! Ungemshika tu kamba, ungemrushia hata hilo beseni."

"Ningeacha wayo ufutike, halafu nikishindwa kumkamata? Tungekuwa hatuna ng'ombe wala wayo."

"Afadhali kujaribu."

"Afadhali kunyamaza bomani."

Kisha wote wawili, kwa mara ya kwanza siku ile wakiwa kitu kimoja, wakamgeukia Masunga. "Na wewe ulijua tangu lini?"

Masunga akainamisha kichwa. "Nilisikia ng'ombe akikoroma nyuma ya ghala alfajiri. Bibi alipokuja kushtaki, nikajua."

"Ulisukuma baiskeli asubuhi yote ukijua?" akauliza Mkuu.

"Alinilea, Mkuu. Nilitumaini atawarudisha mwenyewe kabla hatujafika. Nilipoona watoto wa Shigela wanalia, nikashindwa."

"Ungesema asubuhi, wangepatikana wote wawili," akasema Limi.

"Na kama ulishindwa kusema asubuhi," akasema Luhende, "ungenyamaza mpaka mwisho. Bibi angeondoka na jozi."

"Jozi ya Shigela," akasema Masunga.

 Mvua iliendelea. Mkuu akasugua uso kwa viganja vyake viwili. Unafikiri alikata shauri? Miaka kumi na tisa ya ukuu wa askari, akainuka, akampelekea Bibi Nyanzala mkanda ule mikononi.

"Bibi, mimi nimeshindwa. Mwenye ng'ombe ni wewe. Mvalishe unayemtaka."

Bibi Nyanzala akaupokea. Akauvuta kupima uimara wake. Akapitisha kidole kwenye bizimu.

"Ni ngozi nzuri," akasema. "Ingefaa kufungia nira."

Kisha akawatazama wale watatu mmoja mmoja, kamba ya Kijivu mkono mmoja, mkanda mkono wa pili. "Mmefanya kazi kubwa, wanangu. Kila mmoja amefanya kazi kubwa. Kesho watu wanaingia shambani, na mimi nina ng'ombe mmoja. Sasa mnataka nimpe nani zawadi?"

Hapo ndipo ninapoachia, na hapo ndipo watu huanza kunigombeza. Wafugaji husema Luhende, maana ng'ombe hawezi kutafutwa na asiyemjua. Walimu husema Limi. Wenye jamaa wezi husema Masunga, wakiangalia pembeni. Msiniambie mkanda ukatwe vipande vitatu, kipande cha mkanda hakimfungi mtu kiuno. Msiniambie apewe Mkuu arudi nao nyumbani, jimbo halikai bila naibu, na jirani yako anaweza kuibiwa leo. Wala msiniambie wote hawafai, maana hawakuja wengine.

Haya, mtazame Bibi Nyanzala usoni, amesimama kwenye mvua na ng'ombe wake mmoja, kisha umwambie yeye, si mimi: je, nani alistahili?