Waliokataa Kuagana

Siwema, acha kubandua hicho kigaga! Njoo ukae na wenzako, niwaambie ni nani aliyefunga kidonda chako, maana si mimi wala si ile dawa yangu.

Zamani hizo, kabla ya samaki, kabla ya nyasi, kabla ya bibi yenu huyu mwenye maneno mengi, palikuwa na dimbwi, na dimbwini waliishi chembe, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mnasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakati huo hata chawa hakuwako. Kila chembe alijitosheleza. Mwili wake mmoja ndio uliokula, ukatembea, ukatoa taka. Wala hakuzeeka, kwani aliponenepa alijigawa, wakawa ndugu wawili. Kisha, kwa desturi yao, ndugu hao waligeuziana migongo, wakaagana.

Basi chembe mmoja aliyeitwa Pweke alijigawa, akamtazama nduguye, akampenda papo hapo. Kwaheri ikamkwama.

"Sikuachi," akasema.

Majirani walimcheka. Wakamwonya kwamba walioshikana hawafiki kwenye chakula. Na kweli, maskini, hawakukosea. Watoto wa ndugu hao nao walikataa kuagana, wakawa donge, na Pweke akabaki katikati, chakula hakimfikii. Akaanza kunyauka.

Wale wa ukingoni mwa donge wangeweza kujiendea zao. Hawakwenda. Walikula, wakampitishia. Naye alipopata nguvu akawaambia yeye atawashika imara, wao watafute. Hapo ndipo kazi zilipogawanywa: huyu akawa ngozi, huyu mfupa, huyu damu ya kubeba mizigo. Ndivyo tulivyopatikana sisi, na miti, na yule paka wangu mwizi.

Lakini walilipia. Aliyekuwa damu alisahau kujitafutia. Ukimtoa mwilini, hafiki mbali. Na mwili wote ukaanza kuzeeka, kama mnavyoniona. Majirani wakamuuliza Pweke kama hajuti.

"Nitakufa," akawajibu, "lakini nimependwa."

Na tangu siku hiyo, walioagana wangali madimbwini, kila mmoja na kazi zake zote. Sisi huanza kama wao, chembe mmoja tumboni mwa mama. Akijigawa, huulizwa upya kama ataagana na nduguye. Chembe wako walikataa, Siwema, nami nawashukuru kila nikikuona. Ngozi yako ilipochanika, walikimbiliana wakashikana tena.

Basi ondoa huo ukucha kwenye kigaga, mjukuu wangu. Waache washikane.